Harufu sugu ndani ya gari: asili yake, hatari zake na njia za kuiondoa

Magari mengi yanayotumika Burundi, Rwanda, Uganda na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hununuliwa yakiwa yamekwisha kutumika kwa miaka kadhaa, mengi yao Japani, kisha huingia kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Mnunuzi wa gari la namna hiyo hapati injini na magurudumu tu. Hurithi pia mabaki ya maisha ya waliolitumia kabla yake: moshi wa sigara, maji yaliyomwagika, chakula cha watoto, pengine hata unyevu wa wiki kadhaa za safari baharini milango ikiwa imefungwa.

Likishafika, gari huanza maisha mapya yenye harufu zake. Hubeba dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao Warundi huwaita ndagala. Hubeba mawese ya Rumonge, maziwa ya wafugaji, wagonjwa wanaokimbizwa hospitali, na wakati wa uhaba wa mafuta hubeba hata madumu ya petroli. Kwa dereva wa teksi harufu mbaya ni hasara, kwani abiria aliyeisikia mara moja hatafuti tena gari lile. Kwa familia yenye mtoto mwenye pumu, harufu ya ukungu ni zaidi ya kero.

Dawa iliyozoeleka ni kuning'iniza manukato kwenye kioo cha mbele. Lakini manukato hayaondoi harufu. Huongeza ya pili juu ya ile ya kwanza. Tena huweza kuficha jambo kubwa, kwa kuwa zipo harufu ambazo ni taarifa ya hitilafu inayoweza kuua. Yafuatayo ni maelezo ya asili ya harufu hizo, zipi za kuogopwa, na hatua za kuziondoa kwa vitu vinavyopatikana kwa urahisi.

Kwa nini harufu hung'ang'ania

Ndani ya gari ni chumba kidogo kilichojaa vitu laini: vitambaa vya viti, sponji iliyo chini yake, zulia, mikanda ya usalama na kitambaa cha dari. Vitu hivi hunyonya vimiminika na chembe za moshi, kisha huvitoa polepole. Maji au maziwa yakimwagika juu ya kiti, kinachofutwa kwa kitambaa ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa hushuka ndani ya sponji, na huko bakteria hupata chakula, joto na unyevu.

Joto nalo lina kazi yake. Gari likiegeshwa juani, chembe za harufu hugeuka kuwa mvuke kwa wingi na kujaa ndani. Ndiyo maana gari lisilonuka alfajiri huweza kutovumilika adhuhuri. Kwa sababu hiyo, wakati mzuri wa kulipima gari ni baada ya kukaa juani saa moja au mbili vioo vikiwa vimefungwa.

Aidha, pua huzoea. Mtu aliyekaa ndani ya gari kwa dakika chache huacha kuisikia harufu iliyomkera alipofungua mlango. Mwenye gari kwa hiyo si shahidi mzuri wa hali ya gari lake. Ni vyema amwombe ndugu au jirani anuse na kusema kweli.

Harufu ambazo hazisafishwi, hutengenezwa

Kabla ya kuchukua ndoo na sabuni, ni lazima kwanza kujua kama harufu inatokana na uchafu au na ubovu wa gari. Dalili ya mvua ni mawingu, na zifuatazo ni dalili zinazopaswa kumpeleka mwenye gari kwa fundi.

Moshi wa injini. Ukisikika ndani ya gari, huenda bomba la moshi limetoboka au raba za mlango wa nyuma zimechakaa. Moshi huo hubeba kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu yake yenyewe, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Abiria wakianza kulalamika hivyo, gari lisimamishwe mara moja, wote washuke na kupata hewa safi, na gari lisitumike tena mpaka litengenezwe. Anayezidiwa apelekwe hospitali.

Petroli. Harufu hii ikisikika bila mafuta kumwagika, huenda bomba la mafuta linavuja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini ya gari na sakafuni, ukingoja cheche moja tu.

Harufu tamu, kama ya sharubati. Mara nyingi hutokana na kimiminika cha kupoza injini kinachovuja kwenye kifaa kidogo cha kupasha joto kilichomo ndani ya dashibodi. Huambatana na ukungu wenye mafuta kwenye kioo cha mbele na zulia lililolowa. Kimiminika hicho ni sumu kwa binadamu na wanyama.

Plastiki inayoungua. Hii ni ishara ya nyaya zinazopata joto kupita kiasi, hasa katika magari yaliyoongezewa redio, taa au ving'ora na mafundi wasio waangalifu. Injini izimwe, watu washuke, na betri ichomolewe ikiwezekana.

Mayai yaliyooza. Chanzo huweza kuwa kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, au betri inayochajiwa kupita kiasi. Ikitoka kwenye betri, moto na sigara viwe mbali nayo, maana betri ya namna hiyo hutoa pia gesi inayolipuka.

Kukitafuta chanzo

Ikithibitika kwamba gari halina hitilafu, kazi ya kwanza ni kukitafuta chanzo. Atakayesafisha gari zima bila kukipata atakuwa amepoteza siku yake, kwa maana harufu itarejea baada ya wiki.

Vitu vyote vitolewe: mazulia ya miguu, mizigo ya buti, gurudumu la akiba, karatasi na vifuko vilivyosahauliwa mlangoni. Kisha zulia libonyezwe kwa kiganja kila upande, kwani mara nyingi juu huwa kukavu na chini kumejaa maji. Reli za viti zimulikwe kwa tochi, pamoja na shimo la gurudumu la akiba, ambamo maji hutuama bila mtu kujua. Panya aliyekufa ndani ya njia za hewa ni chanzo kingine kisichofikiriwa upesi. Mzoga na kinyesi cha panya viloweshwe kwanza kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha viondolewe kwa glovu na barakoa, visifagiliwe vikiwa vikavu.

Tahadhari moja ni muhimu kwa wanaopenda kung'oa viti. Magari mengi yana mifuko ya hewa ya usalama ndani ya viti vya mbele, na nyaya zake zilizo chini ya kiti mara nyingi zina viunganishi vya rangi ya njano. Viunganishi hivyo visiguswe kabla ya betri kuchomolewa na dakika kadhaa kupita. Asiye na uzoefu amwachie fundi.

Kila harufu na dawa yake

Kosa la wengi ni kutumia dawa moja kwa kila harufu. Harufu ya samaki na ya maziwa ni kinyume kabisa kikemia. Kinachoishinda moja hakiishindi nyingine.

Samaki na dagaa. Harufu yao hutokana hasa na kemikali iitwayo trimethilamini, iliyo katika jamii ya alkali. Dawa yake basi ni asidi. Eneo lilipomwagikiwa maji ya samaki lioshwe kwanza kwa maji baridi na sabuni ili kuondoa protini na mafuta. Kisha linyunyiziwe siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, liachwe robo saa, lifutwe na kukaushwa. Asidi huigeuza kemikali ile kuwa chumvi isiyopaa hewani. Maji ya limau hufanya kazi hiyohiyo, ila sukari yake huacha ulimbo unaovuta vumbi. Siki ni afadhali. Harufu ya siki yenyewe hutoweka gari likipigwa upepo.

Maziwa na matapishi. Uvundo wa maziwa yaliyochacha hutokana kwa sehemu kubwa na asidi ya butiriki, ileile iliyomo katika siagi iliyoharibika, na matapishi nayo huwa nayo. Hapa siki haisaidii. Kinachotakiwa ni soda ya kuokea, yaani bikaboneti ya sodiamu inayouzwa madukani karibu na hamira. Isichanganywe na magadi makali ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza ngozi na kuharibu vitambaa. Baada ya kuosha kwa maji baridi na sabuni, unga wa soda unyunyizwe kwa wingi juu ya sehemu yenye unyevu kidogo, uachwe usiku kucha, kisha unyonywe kwa mashine ya kufyonza vumbi au kupigwa brashi. Mara mbili au tatu huhitajika. Maji ya moto yasitumike mwanzoni, maana hugandisha protini ndani ya kitambaa.

Mkojo na damu. Mahali zinapopatikana, dawa zenye vimeng'enya ndizo bora, kwa kuwa humeng'enya uchafu wenyewe badala ya kuufunika. Ni lazima zifike kila mahali kimiminika kilipofika, hata ndani ya sponji, na ziachwe kwa saa zilizoandikwa kwenye chupa. Sabuni kali zikitangulia bila kusuuzwa, huweza kuviharibu vimeng'enya hivyo.

Mawese na mafuta ya kupikia. Mafuta hunuka kadiri yanavyoharibika kwa hewa na joto. Maji matupu hayayawezi. Yanyonywe kwanza kwa unga wa soda au unga wa mahindi, yafagiliwe, kisha sehemu hiyo ioshwe kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kusuuzwa mpaka povu liishe.

Moshi wa sigara. Hii ndiyo sugu kuliko zote, kwa kuwa haiko mahali pamoja. Lami na nikotini hutanda kama utando kwenye dari, vioo, dashibodi, mikanda na ndani ya njia za hewa, na mabaki hayo huweza kudumu kwa miezi mingi. Mtoto anayegusa kiti na kutia kidole mdomoni huyapata. Usafi uanze juu kwenda chini: dari, vioo, dashibodi, milango, viti, na mwisho zulia. Dari ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kwa sababu gundi yake ikilowa, kitambaa huning'inia kama hema lililoanguka. Mikanda ivutwe mpaka mwisho na kuoshwa kwa sabuni laini. Kichujio cha hewa kibadilishwe, la sivyo kazi yote itakuwa bure.

Petroli iliyomwagika. Milango yote ifunguliwe, gari liwekwe mbali na jiko, sigara na taa za moto. Mashine ya kufyonza vumbi isitumike kabisa, kwa kuwa cheche ya mota yake huweza kuwasha mvuke. Mafuta yanyonywe kwa vitambaa ambavyo baadaye vitaanikwa nje mbali na nyumba. Sponji au zulia lililolowa sana liondolewe na kutupwa. Lililo bora ni kutoyabeba madumu ya mafuta mahali wanapokaa watu, hata kama foleni za vituoni ni ndefu.

Ukungu na maji ya mafuriko

Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia mitaani Gatumba, upande wa Burundi, na Uvira, upande wa Kongo. Gari lililofikwa na maji ya namna hiyo hubaki na harufu ya tope ambayo sabuni peke yake haiwezi kuiondoa. Ukungu huanza kuota katika siku moja au mbili za unyevu, na vumbi lake huchochea pumu na mafua ya mzio.

Mafuriko si sababu pekee. Raba za milango zilizochakaa huingiza mvua. Majani huziba mifereji iliyo chini ya kioo cha mbele. Mrija unaotoa maji ya kiyoyozi ukiziba, maji hurudi ndani na kulowesha zulia la abiria wa mbele, ambalo katika magari ya Japani mara nyingi ni la upande wa kushoto. Chanzo cha maji kisipozibwa, kukausha ni kazi ya kutwanga maji kwenye kinu.

Ukishazibwa mwanya, zulia linyanyuliwe na sponji iliyo chini yake ianikwe juani kwa siku mbili au tatu. Jua la kiangazi hukausha, na miale yake huua sehemu ya ukungu ulio juu juu. Sehemu ngumu zifutwe kwa siki. Atakayefanya kazi hiyo avae barakoa na glovu. Sponji iliyokwisha kuota madoa meusi mpaka ndani haifai kuoshwa, inafaa kubadilishwa. Hapa ikumbukwe pia desturi ya kuacha plastiki za kiwandani juu ya viti ili visichafuke. Plastiki hizo huzuia jasho na maji kukauka, na chini yake ukungu hustawi bila kuonekana.

Kiyoyozi na njia za hewa

Harufu ya soksi zilizolowa inayosikika kiyoyozi kinapowashwa hutoka ndani ya dashibodi. Kifaa kinachopoza hewa huwa baridi, na unyevu wa hewa huganda juu yake kama matone kwenye chupa ya soda baridi. Mahali hapo pana giza na unyevu, na vijidudu hukua.

Hatua ya kwanza ni kichujio cha hewa ya ndani, ambacho katika magari mengi ya Japani kiko nyuma ya kisanduku kidogo kilicho mbele ya abiria. Hubadilishwa bila vifaa maalumu, walau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kwa wanaosafiri barabara za vumbi. Hatua ya pili ni kupuliza dawa ya povu ya kusafishia kiyoyozi kwa kufuata maelekezo yake. Ya tatu haina gharama: dakika chache kabla ya kufika safari, baridi izimwe na feni iachwe ikizunguka, ili kifaa kikauke kabla ya gari kuzimwa.

Mambo yanayopaswa kuepukwa

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isichanganywe kamwe na siki, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Isichanganywe pia na dawa zenye amonia. Ndani ya chumba kidogo kama gari, kosa hilo huweza kumwangusha mtu kabla hajafungua mlango.

Mashine za ozoni hutumiwa na baadhi ya waosha magari, na kweli ozoni huvunja chembe za harufu. Lakini ni sumu kwa mapafu na huzeesha raba na plastiki. Zikitumika, pasiwe na mtu wala mnyama ndani, na baadaye milango iachwe wazi kwa muda mrefu. Hazina maana kama uchafu wenyewe bado umo kitini.

Mkaa wa kupikia uliowekwa ndani ya mfuko wa kitambaa hunyonya harufu kiasi, ingawa nguvu yake ni ndogo kuliko ya mkaa uliotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo. Kahawa iliyosagwa hufunika zaidi kuliko inavyoondoa. Vyote viwili ni vya kumalizia kazi, wala si vya kuianzia.

Pua ya mnunuzi

Ujuzi huu una faida kubwa zaidi kabla fedha hazijatolewa. Gari linalonukia manukato makali siku ya kuuzwa linapaswa kumtia shaka mnunuzi, si kumvutia. Aombe manukato yatolewe, vioo vifungwe, gari likae juani, kisha afungue mlango na kunusa kabla pua haijazoea. Avute mkanda wa usalama mpaka mwisho aone kama una mstari wa tope. Anyanyue zulia la buti. Atazame kutu kwenye boliti za viti, mahali ambapo maji hayapaswi kufika. Awashe kiyoyozi anuse pumzi yake ya kwanza.

Akikuta moshi wa sigara, anaweza kupunguza bei na kujiandaa kwa kazi ya siku mbili. Akikuta tope la mafuriko, ajue kwamba nyaya na vifaa vya umeme vilivyooga maji huendelea kuharibika kimyakimya kwa miezi baada ya gari kukauka. Na akisikia petroli au moshi wa injini, asiondoke na gari hilo likiwa na watoto wake ndani kabla fundi anayemwamini hajaingia chini yake na kuona kwa macho.